Alale Wapi Mtoto Mchanga? Kutoka Mbeleko Hadi Kitanda cha Pembeni

 Tunaandika kutoka Nyasho, Musoma, huku bara kando ya Ziwa Victoria.

Orodha ya bi harusi imerefuka. Zamani mwali akija kwa fundi alikuwa na mashuka, foronya, mapazia na magauni ya fungate, basi. Siku hizi ndoa haijatimiza mwaka anarudi na picha kwenye simu: kitanda kidogo cha mtoto kimeegeshwa ubavuni mwa kitanda cha mama, upande mmoja uko wazi, godoro limelingana na godoro. Anataka tumshonee godoro lake, chandarua chake, na vile vimto vya kuzungushia pembeni vyenye riboni. Godoro tunashona. Chandarua tunashona. Vimto hatushoni, na mteja akiuliza kwa nini, jibu ni refu kuliko muda wa kupima kitambaa. Ndiyo maana tumeliandika hapa.

Wengi wanadhani kitanda hiki cha pembeni ni jambo la Wazungu lililokuja juzi. Kukiunda wamekiunda wao, ni kweli. Lakini wazo lenyewe, la mtoto kulala karibu na mama huku akiwa na mahali pake, ni la zamani sana, na bibi zetu walilijua kabla halijapata kiwanda.

Tuanze na Kitabu. Katika Suratu Maryam, watu walipomjia Bibi Maryam kwa lawama, alimwashiria mwanawe. Wakashangaa, vipi wataongea na aliye bado katika mahdi? Mwenyezi Mungu akamjaalia Nabii Isa, alayhi salaam, kusema. Mahdi ndilo neno la Kiarabu la malazi ya mtoto mchanga, na mzizi wake una maana ya kutandika na kusawazisha. Neno la mzizi huohuo linatumika Qur'ani inapoeleza jinsi ardhi ilivyotandazwa kwa ajili ya wanadamu. Kwa hiyo tangu kwenye lugha yenyewe, mahali pa mtoto ni mahali palipolazwa sawa. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye sheria za Marekani.

Na yuko mama wa Nabii Musa, alayhi salaam. Alipomhofia mwanawe aliamrishwa amnyonyeshe, kisha amtie ndani ya sanduku na kuliacha mtoni. Tunapokisoma kisa hiki huwa tunatazama sanduku na mto, tunamsahau dada mtu. Yule binti alitumwa alifuatilie sanduku kwa macho kutoka mbali, na yeye ndiye aliyesababisha mtoto arudi kifuani kwa mama yake. Hata katika dhiki ile, mtoto hakuachwa bila jicho.

Sasa tuje pwani. Dada zetu wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa mnakijua kitanda cha samadari, kirefu kwenda juu, kamba zimesukwa, chandarua kinashuka kutoka kwenye besera. Mama aliyejifungua alikaa ndani siku zake arobaini, kazi za nyumba zikashikwa na wengine, na mtoto akawa naye ubavuni. Mchana mtoto alilala mgongoni, ndani ya mbeleko, au kwenye susu iliyoning'inizwa na kubembezwa. Mbeleko ina heshima ambayo bi harusi wengi wa leo wanaipitia bila kuijua. Kwa desturi ya pwani, bwana harusi akija kuposa kuna mahari ya binti mwenyewe, halafu kuna vya mama mzazi: mkaja, ile nguo ya kufungia tumbo baada ya kujifungua, na mbeleko, ile nguo ya kumbebea mtoto. Maana yake ni kwamba siku ya ndoa yako mama yako analipwa, japo kwa ishara, kwa miezi ile aliyokuwa akikubeba na kukulaza. Sisi tunapenda sana desturi hii. Siku hizi inatajwa kwa bahasha na kupita haraka, hata nguo zenyewe hazionekani.

Kuhusu watoto wa kasri tunaye shahidi aliyeandika. Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo ameeleza jinsi mtoto wa kifalme alivyopokelewa: anaogeshwa kwa maji ya moto kiasi, anapakwa poda yenye manukato, anavikwa kijishati chepesi, kisha analazwa chali, mikono na miguu imenyooshwa, anafungwa vitambaa hadi mabegani. Alikaa hivyo siku arobaini, akifunguliwa mara mbili kwa siku ili aogeshwe. Waliamini atakua na mgongo ulionyooka.

Kufunga miguu ikanyooka namna ile leo tunaambiwa kusifanyike, kwa sababu nyonga za mtoto zinahitaji nafasi ya kukunja magoti na kuyatanua. Lakini angalieni neno moja: chali. Watoto wa Mtoni walilazwa chali katika karne ya 19. Karne moja baadaye, wasomi wa nchi kubwa walikuja kuwaambia akina mama kinyume chake, na kosa lao likagharimu watoto wengi sana.

Huku kwetu ziwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mara ni mkoa wa ng'ombe, wavuvi na wakulima wa pamba. Walikuwapo waliolalia ngozi, waliolalia mkeka, na kitanda cha kamba kikaingia nyumba kwa nyumba. Waislamu wa Musoma nao ni mchanganyiko, wapo wenye asili ya pwani na Tabora, wapo wenyeji waliosilimu, kila mmoja akaja na malazi yake. Kinachofanana ni kwamba ngozi, mkeka na kamba zote ni ngumu. Mtoto hazami. Baadaye likaja godoro la pamba, halafu la sponji, halafu haya ya sasa ambayo ukikaa unazama hadi kiunoni na muuzaji anakuambia ndiyo ubora. Kwa mgongo wa mtu mzima sawa, kila mtu na pesa yake. Kwa mtoto wa siku tatu, godoro la kuzama ni hatari, maana pua yake ikigeukia kitambaa hana nguvu ya kuitoa.

Hofu ya mama kumlalia mtoto ni ya dunia nzima. Katika vitabu vya Mayahudi na Wakristo, kisa cha Nabii Sulayman na wanawake wawili waliogombania mtoto kinaanza na mama aliyemlalia mwanawe usiku. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, Mwenyezi Mungu amridhie, kisa hicho kinaanza na mbwa mwitu aliyemchukua mtoto mmoja.

Hapo ndipo tunapolikuta chimbuko la kitanda cha pembeni, na tulilikuta mahali ambapo hatukutarajia: Florence, nchini Italia. Huko kilikuwapo kifaa kiitwacho arcuccio, na mwaka 1732 maelezo yake yalichapishwa London katika jarida la wanasayansi. Kilikuwa kama fremu ya mbao yenye upinde juu, kinawekwa kitandani kwa mama au mnyonyeshaji, mtoto analala ndani yake. Upinde unazuia mashuka na mwili wa mtu mzima visimwangukie, na ubao wa pembeni umekatwa nafasi ili mtoto anyonye bila kutolewa. Maelezo hayo yanasema mnyonyeshaji wa Florence aliyekataa kukitumia alitishiwa kutengwa na kanisa. Akina dada, miaka karibu 300 iliyopita fundi seremala alishapiga hesabu tunayoipiga leo: mtoto awe karibu na ziwa la mama, asiwe chini ya uzito wake.

Kwa nini basi kifaa kile hakikuenea? Hapo katikati watu wenye uwezo Ulaya walichukua njia nyingine. Walimtoa mtoto chumbani kabisa. Akawa na chumba chake, yaya wake na kitanda chake chenye nguzo. New Zealand, daktari Truby King aliyeanzisha jumuiya ya Plunket mwaka 1907 alifundisha mtoto anyonye kwa saa, kila baada ya saa nne, alale peke yake, asidekezwe. Mafundisho hayo yalisambaa kwenye himaya ya Waingereza na yakaonekana ndiyo ustaarabu. Mama aliyelala na mtoto wake akaonekana mshamba au fukara. Sisi tunaamini baadhi ya aibu anayoisikia mama wa leo akisema "bado nalala naye" ilizaliwa huko, haikuzaliwa kwetu.

Likaja jingine zito zaidi. Kitabu cha malezi cha daktari Benjamin Spock wa Marekani kilitoka mwaka 1946 na kikauzwa kwa mamilioni. Katika matoleo yaliyofuata, ya miaka ya 1950, kilishauri mtoto alazwe kifudifudi, kwa hoja kwamba akitapika akiwa chali atapaliwa. Hoja inaingia akilini, hata hapa Nyasho utaisikia kwa mama mkwe yeyote. Madaktari wengi waliifuata. Na watoto waliokuwa wazima jioni wakawa wanakutwa wamefariki asubuhi, kitandani kwao, peke yao, bila ugonjwa ulioonekana.

Ilichukua muda watu kuunganisha mambo. Australia, daktari Susan Beal alikuwa akienda kwenye nyumba za familia zilizofiwa na kuuliza mtoto alilazwaje. New Zealand walifanya utafiti mkubwa kati ya 1987 na 1990. Majibu yakakutana: kifudifudi, moshi wa sigara, na kukosa maziwa ya mama. Uingereza, mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alimpoteza mwanawe Sebastian mwezi Julai 1991. Alisafiri hadi New Zealand kuulizia, akarudi na kuibana serikali, na Desemba mwaka huohuo kampeni ya kuwalaza watoto chali ikaanza. Marekani madaktari wa watoto walitoa ushauri huo mwaka 1992 na kampeni ikaanza 1994. Katika nchi hizo vifo hivyo vilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Hakuna dawa iliyotengenezwa wala chanjo iliyochomwa. Mtoto aligeuzwa tu, inna lillahi kwa waliotangulia kabla hilo halijajulikana.

Na kupaliwa je? Mtoto mzima akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo anachocheua kinarudi chini au anakimeza. Akilala kifudifudi njia hizo zinabadilishana, la juu linakuwa la chini. Mama mkwe aelezwe hivyo kwa upole, na kama mtoto ana tatizo maalumu la kuzaliwa nalo, daktari ndiye wa kusema vingine.

Hapa tuna neno la imani ambalo linatugusa sisi hasa. Akina mama wengi wa Kiislamu wanamlaza mtoto ubavu wa kulia, wanamwekea kimto mgongoni asigeuke, kwa nia njema ya kufuata Sunna. Sunna ya kulala ubavu wa kulia ni tukufu na tunaipenda, na kifudifudi kumechukizwa. Lakini mtoto mchanga hana taklifu, na ubavu kwake si mahali pa kutulia: kimto kikisogea kidogo anaangukia kifudifudi, na kimto chenyewe kiko karibu na uso wake. Alazwe chali. Ubavu wa kulia atafundishwa akianza kujua nyiradi za kulala, insha Allah.

Baada ya kujua kwamba chali ni salama, watafiti walirudi kwenye swali la chumba. James McKenna, msomi wa Marekani, aliwachunguza mama na watoto usiku kucha na kuona kwamba wakiwa karibu wanaamshana, mtoto ananyonya mara nyingi zaidi, na usingizi wao unakwenda pamoja. Leo hata wale madaktari wa watoto wa Marekani, ambao hawataki mtoto alale godoro moja na mama, wanasema alale chumba kimoja naye walau miezi sita ya kwanza, kwenye sehemu yake iliyo ngumu na iliyolala sawa. Yaani wamezunguka dunia wakarudi chumbani kwa mama.

Kitanda cha pembeni ndicho kilichojibu pande zote mbili. Marekani kilipata kanuni yake ya lazima mwaka 2014, Ulaya kiliingizwa katika viwango vyao mwaka 2019. Na wako waliojibu bila kiwanda. Finland walianza mwaka 1938 kutoa sanduku la uzazi kwa mama wasio na uwezo, na tangu 1949 kwa kila mama, mradi awahi kliniki mapema. Ndani kuna nguo na godoro dogo, na boksi lenyewe ndilo kitanda. New Zealand, Wamaori wenyewe walisuka kapu la majani liitwalo wahakura, kuanzia mwaka 2006, mtoto analala ndani yake kando ya mama juu ya kitanda kilekile. Tulipoliona kwenye picha tuliwafikiria mara moja wasusi wa ukili wa Pemba na wasusi wa mikeka wa huku ziwani. Kapu lile lina kitako bapa na kuta fupi ngumu. Wenye mikono ya kusuka wapo, hakuna aliyewapa kipimo tu.

Tukifika dukani au kwa seremala, historia hii inakuwa na faida ya shilingi. Kila kanuni ya kitanda cha mtoto iliandikwa baada ya msiba, na kanuni nyingi hazifiki kwetu, vitu ndivyo vinavyofika. Kitanda cha mtumba hakiandikwi usoni kwamba kilipigwa marufuku.

Mfano ni kile chenye ubavu unaoteremshwa juu na chini kwa reli. Marekani waliliacha kabisa kuanzia Juni 2011, baada ya kuhesabu vifo vya watoto visivyopungua 32 tangu mwaka 2000. Vishikizo vililegea, ubavu ukaachia upande mmoja, mtoto akateleza na kubanwa katika mwanya. Msikichanganye na kitanda cha pembeni ambacho ubavu wake hufungwa moja kwa moja ili kiunganishwe na cha mama. Kile cha kupandisha na kuteremsha kila siku, kikiwa kimeshatumika na nyumba tatu, usikinunue hata kwa elfu kumi.

Mwingine ni wa kuegemea. Mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price ilivirudisha vitanda vyake vya Rock 'n Play, karibu milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto kuripotiwa. Kilikuwa kinamlaza mtoto kwa mteremko, kichwa juu, na akina mama walikipenda kwa sababu mtoto alitulia. Mtoto mchanga kichwa chake ni kizito na shingo ni laini. Akiwa kwenye mteremko kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inajikunja kama mpira wa maji. Mwaka 2022 sheria ya Marekani ilipiga marufuku malazi ya mtoto yenye mteremko wa zaidi ya digrii 10, na katika sheria hiyohiyo ikapiga marufuku vimto vya kuzungushia kitanda. Hivyo ndivyo tunavyokataa kuvishona. Mtoto anaviegemeza uso, au kamba zake zinamfika shingoni. Akipiga kichwa kwenye mbao atalia kidogo na kunyamaza. Na hapa ndipo lile neno la mahdi tulilosema tulishike.

Susu yetu ya kanga iko kwenye kundi hilohilo, tusifichane. Kumbembeza mtoto mchana, mtu amekaa hapo anamwona uso, ni raha na ni urithi. Kumwacha humo usiku kucha, amejikunja katikati ya kitambaa, hapana.

Sasa vipimo, kwa mwenye seremala. Hapa Nyasho mafundi ni wazuri na mbao zipo, ila wengi wanatengeneza kwa kuiga picha, na picha haina futi. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 6. Kama huna rula, chukua kopo la kawaida la soda, lile nene la mililita 330, upana wake ni kama sentimita 6.6. Likipita kati ya nguzo, kitanda hicho kirudi kwa fundi. Vichwa vya nguzo visichomoze kama nakshi, nguo ya mtoto hunasa hapo. Vanishi ikauke kabisa na harufu iishe kabla ya mimba kutimia, si wiki ya kujifungua.

Godoro ndiyo kazi yetu, na hapa hatutaki ubishi. Liwe sponji ngumu, bapa, lijae kitanda kizima: ukisukuma vidole viwili kati ya godoro na ubavu visiingie. Foronya yake iwe ya kukaza kama soksi. Wengine wanatuomba tuongeze pamba juu ili liwe laini. Weka kiganja, kandamiza, inua. Shimo la kiganja likibaki, godoro hilo ni laini mno kwa mtoto mchanga.

Halafu mwanya. Hili ndilo ambalo kitanda cha pembeni kinaweza kukufanyia ubaya kikiwekwa vibaya, na ndilo watu wanalolisahau. Vitanda vyetu ni virefu, hasa vya samadari, na vitanda vya kununua vimepimwa kwa vitanda vya kwao. Urefu wa magodoro usipolingana, au kitanda cha mtoto kisipofungwa kwa mkanda imara kwenye fremu ya mama, panatokea ufa katikati, na ufa huo ni mbaya kuliko kutokuwa na kitanda kabisa. Usiujaze kwa taulo au mto. Mwambie fundi akate miguu au aongeze, afunge mikanda miwili, kisha wewe mwenyewe ulale, ujigeuze, utikise. Kikisogea hata kidogo hakijawa tayari.

Na chandarua, ambacho kwenye picha za Ulaya hakipo kwa sababu hawana mbu wetu. Tanzania ina historia nzuri hapa. Mradi wa Kilombero na Ulanga ulianza kusambaza vyandarua vyenye dawa mwaka 1997, kisha mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, mjamzito akapewa kliniki karatasi ya kupunguziwa bei ya chandarua. Mpango ule uliisha 2014, na siku hizi mjamzito hupewa chandarua kliniki. Kipokeeni na mkitumie, si cha kufugia kuku. Tatizo ni kwamba chandarua cha 5 kwa 6 hakifuniki kitanda cha mama pamoja na cha mtoto. Ama tafuteni cha 6 kwa 6 kwenye kitanda kidogo, ama mlete viwili tuviunganishe kwa mshono wa bapa. Pindo liingizwe chini ya godoro la mama na chini ya fremu ya nje ya kitanda cha mtoto, kikazwe, kisilegee ndani kwa mtoto. Chandarua kinachomwangukia usoni kinageuka kuwa shuka.

Ndani ya kitanda kibaki nini? Mtoto, na nguo zake alizovaa. Mto hapana, hata kile cha kutengeneza kichwa kiwe duara. Blanketi zito hapana, Unguja na joto lile la Februari hata sijui nani analinunua. Kisu chini ya godoro, uzi mweusi shingoni, tasbihi iliyoning'inizwa juu yake, vyote vitoke. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakinga wajukuu zake Hasan na Husein kwa maneno ya dua, na dua haina kamba ya kumnyonga mtoto. Someni Ayatul Kursiyyu na Muawwidhataini, mpulize, inatosha. Udi na ubani vifukizwe chumba kingine au kabla hajaingia, tena madirisha yafunguliwe. Baba anayevuta sigara avutie nje.

Mwenye uwezo wa kitanda na asiye nacho wote ni mama. Kwa asiye nacho: mtoto alale chali, kwenye godoro gumu, mbali na mto na shuka lako, asiwe katikati ya baba na mama, na asilale nawe kama kuna anayevuta sigara au aliyekunywa dawa za usingizi, wala kama amezaliwa njiti au chini ya kilo mbili na nusu. Kwenye sofa msilale naye kamwe, usingizi wa sofa ni mbaya kuliko wa kitandani. Kapu bapa la kusukwa au hata boksi imara lenye kigodoro kigumu kinachojaa ndani, kama la Finland, linafanya kazi ileile kwa bei ya nauli.

Kitanda cha pembeni hakikai sana. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kwa wengi karibu na mwezi wa tano au wa sita, muda wake umekwisha, maana sasa anaweza kuvuka ule ubavu wa wazi. Kioshwe, kikauke, kifungwe. Akikiazima mdogo wako au wifi yako anayeolewa Mfungo Mosi, mpe na skrubu zake zote ndani ya mfuko mmoja, mpe na mikanda yake, na godoro ashone jipya.